Panya mmoja, siku moja: kalipa inasema uvimbe umekua, kamera ya mwanga inasema umepungua. Niamini ipi?

#1 Kizimba Saba
Wakuu salama. Niende moja kwa moja. Nina panya wenye uvimbe chini ya ngozi, ubavuni. Nawapima kwa kalipa (rula ya kubana), na seli za uvimbe zimewekewa lusiferezi ya kimulimuli (kimeng'enya kinachotoa mwanga) kwahiyo kila wiki nawapiga picha ya mwanga pia. Mwanzoni vipimo vilikuwa vinaenda pamoja, kalipa ikipanda na mwanga unapanda. Sasa kwa kundi linalopata dawa vimeachana njia. Kalipa inasema uvimbe unaendelea kukua, polepole kuliko kundi la kulinganishia ila unakua. Kamera inasema mwanga umeshuka, kwa baadhi ya panya umebaki chini ya nusu. Msimamizi anataka grafu moja tu ya ukuaji. Niamini ipi? Na nikiongeza MRI (picha ya sumaku) itanisaidia au nitakuwa nimeongeza mgomvi wa tatu?

#2 Mpita Njia
Nakaa mbele kabisa hapa. Panya anapigwa picha kila wiki, mimi mgongo unaniuma mwaka wa pili eksirei naisikia kwa watu 😂

#3 Mzee wa Rula
Kijana amini kalipa. Chuma hakidanganyi. Urefu mara upana mara upana, gawa kwa mbili, umemaliza, dakika moja kwa panya, hakuna nusukaputi hakuna kusubiri zamu ya mashine. Dawa ngapi za kansa zilianzia kwenye kalipa? Hizo kamera zinatoa rangi nzuri za kupamba ripoti basi.

#4 Pikseli Moja
Mzee wa Rula shikamoo, ila hapo hapana. Chukua uvimbe wa milimita 12 kwa 10, kwa hesabu yako unapata milimita za ujazo 600. Kesho aje mwenzako abane kwa ulegevu kidogo asome upana 11 badala ya 10, inakuwa 726. Milimita moja tu na uvimbe "umekua" kwa asilimia 21 wakati hakuna seli hata moja iliyogawanyika. Ni kwa sababu upana unaingia kwenye hesabu mara mbili, kosa lake nalo linaingia mara mbili. Halafu hapo umebana na ngozi, na mafuta, na maji yaliyojaa pembeni, na umechukulia kwamba kina ni sawa na upana wakati vimbe vingi vya chini ya ngozi vinakaa bapa.

#5 Mzee wa Rula
Marahaba. Ndo maana mtu mmoja anapima panya wote kuanzia mwanzo hadi mwisho, na asijue nani kapata dawa nani hajapata. Mkono mbovu hautibiwi kwa kununua kamera.

#6 Dada Fomalini
Mi nadhani hapa hakuna muongo, ni vipimo viwili vya vitu viwili. Kalipa kwa uvimbe ni sawa na kukisia idadi ya watu kwa kupima ukuta wa nje wa nyumba, waliomo ndani wapo hai au wamekufa haijui. Kamera inaona walio hai tu. Lusiferezi haiwaki hivihivi, inataka lusiferini, ile kemikali uliyochoma ambayo ndo mafuta yake, inataka oksijeni, na inataka ATP (nishati) ya seli yenyewe. Seli iliyokufa haina ATP, imezima. Iliyokosa hewa inawaka kwa shida.

Mimi kazi yangu ni kukata hivi vitu baada ya panya kuondolewa, na uvimbe uliofika sentimita moja ukiupasua katikati mara nyingi unakuta ukingo mgumu mweupe-waridi, halafu ndani pamegeuka rangi ya manjano-kijivu na panamomonyoka kwenye kisu, wakati mwingine pana kauwazi chenye maji kabisa. Kwa nje uvimbe huo ni mkubwa na kalipa itaupa maksi zote. Kwa hiyo mtoa mada kwa haraka haraka yako ni kifo cha katikati. Dawa inafanya kazi, maiti hazijaondolewa tu.

#7 Mchoma Sindano
Dada Fomalini usikimbilie huko kabla hatujamuuliza sindano. Mtoa mada unachoma wapi, unasubiri dakika ngapi? Kawaida ni miligramu 150 kwa kilo, tumboni, yaani panya wa gramu 20 anapata miligramu 3. Tatizo la tumboni ni kwamba ncha ikiingia kwenye utumbo badala ya pembeni yake dawa inaishia huko na picha inatoka hafifu, unaandika kwenye daftari "uvimbe umepungua" kumbe umekosea shabaha. Nimeona panya anazimika Jumatatu, Jumanne anarudiwa anawaka vilevile. Pia joto. Panya aliyelala kwa isofluraini (gesi ya nusukaputi) bila kitu cha kumpasha anapoa haraka sana, akipoa damu inaenda polepole na lusiferini inachelewa kufika, na mwanga wenyewe unabadilika maana hiki kimeng'enya kwenye joto la mwili kinatoa mwanga mwekundu zaidi, karibu nanomita 610, kuliko kwenye ubaridi.

#8 Kizimba Saba
Asanteni. Nachoma tumboni, napiga picha dakika ya 10, picha moja. Sahani ya chini ina joto. Nimesahau kusema, panya wangu ni wale weusi wa C57BL/6, wana kinga kamili, nawanyoa ubavuni kabla ya picha. Na dawa ni ya kuzuia uvimbe usiote mishipa ya damu.

#9 Mishipa Tu
We jamaa 😂😂 hilo la mwisho ndo lilitakiwa liwe kwenye sentensi ya kwanza!

Dawa inabana mishipa. Lusiferini inafika kwenye uvimbe kwa njia gani? Mishipa. Oksijeni je? Mishipa hiyohiyo. Yaani kipimo chako kinapita kwenye mlango uleule ambao dawa inaufunga. Seli zinaweza kuwa hai zote, mwanga ukashuka kwa sababu mafuta ya taa hayajafika. Na hiyo picha moja ya dakika ya 10 ndo inakuumiza, sababu kwa kundi la kulinganishia kilele kinaweza kuwa dakika ya 10 na kwa kundi la dawa kikasogea hadi 20 au zaidi, wewe unalinganisha mmoja akiwa kileleni mwenzie yupo bado njiani. Piga mfululizo, kila dakika mbili hadi uone mwanga unaanza kushuka, halafu chukua kilele cha kila panya. Ukikuta kilele kimechelewa tu ila kimefika palepale, hakuna seli iliyokufa.

#10 Dada Fomalini
Mishipa Tu hoja yako nzuri, lakini kumbuka ukifunga mishipa muda mrefu seli zinakufa kweli. Kwahiyo unanipinga leo, wiki ijayo utakuwa upande wangu.

#11 Mishipa Tu
Nitakuja wiki ijayo 😂

#12 Kinga Kwanza
Mmeruka "wana kinga kamili" kama hamjaiona. Lusiferezi ni protini ya mdudu. Panya asiye na T seli (askari wa kinga), yule mtupu asiye na manyoya, hajali. Panya mweusi mwenye kinga anaweza kuitambua kama kitu kigeni akaanza kuua seli zinazowaka na kuziacha zisizowaka. Matokeo yake uvimbe unakua kama kawaida ila unazidi kuwa giza, kwa sababu waliobaki ni wale ambao jeni imenyamaza. Hata bila kinga seli zinaweza kuizima ile jeni zenyewe baada ya kugawanyika sana. Ni rahisi kujua: chukua kipande cha uvimbe, tenganisha seli, zioteshe kwenye sahani uone asilimia ngapi bado zinawaka. Kwenye sahani lusiferini inafika kwa kila mtu, hakuna kisingizio cha mishipa.

#13 Pikseli Moja
Naongeza weusi wenyewe. Unanyoa sawa, lakini C57BL/6 nywele zikianza kuota upya ngozi inafanya mabaka meusi, na melanini (rangi nyeusi ya ngozi) inameza mwanga. Baka likitokea juu ya uvimbe wiki hii na wiki iliyopita halikuwepo umepoteza mwanga bure. Angalia zile picha za kawaida za kamera, siyo zenye rangi, uone ngozi ikoje.

#14 Mchoma Sindano
Lakini hayo mabaka yangewapata na wa kundi la kulinganishia, mbona wao mwanga unapanda?

#15 Pikseli Moja
Yangewapata ndiyo, kama kinyozi ni mmoja na siku ya kunyoa ni moja.

#16 Kizimba Saba
Siku siyo moja 😬 vizimba vya dawa vinanyolewa siku inayofuata maana ni wengi.

#17 Mpita Njia
Uzi wa kansa umegeuka uzi wa saluni, endeleeni nasikiliza

#18 Daktari wa Zamu
Mimi natibu watu, panya nawaona kwa mbali, ila nichangie. Kwa wagonjwa tunatumia RECIST (mwongozo wa kupima kama uvimbe umeitikia dawa), toleo la 2009, tunapima kipenyo kirefu tu kwenye CT (eksirei ya vipande) au MRI, kikiongezeka kwa asilimia 20 tunasema ugonjwa umesonga mbele, kikipungua 30 tunasema umeitikia. Nawashangaa mnavyogombania ujazo hadi desimali. Na kwa swali la mtoa mada ningeenda PET (picha ya dawa yenye mionzi) moja kwa moja. FDG (sukari iliyofungiwa florini 18 yenye mionzi) inaonyesha uhai wa seli, nusu ya mionzi inaisha kwa saa 3, unapiga, unajua.

#19 Grei na Bekereli
Dokta heshima, nusu uhai wa florini 18 ni dakika 110, siyo saa 3. Halafu hiyo asilimia 20 ya kipenyo siyo ndogo hivyo, 1.2 mara tatu yenyewe inakupa 1.73, yaani uvimbe umeongezeka ujazo kwa asilimia 73 ndo nyie mnastuka. Na 30 ya kupungua ni kama theluthi mbili ya ujazo imeondoka. Kwa panya ambaye uvimbe wake unaweza kujirudia ukubwa ndani ya siku chache hicho kigezo ni kigumu kukitumia.

PET ya panya nayo ina visa vyake. Mashine nyingi za wanyama wadogo zinaona vizuri hadi milimita 1 au 2 tu. Uvimbe wa milimita 3 unavuja kwenye picha, unaonekana umepoa kuliko ulivyo, basi uvimbe ukikua tu bila kubadilika tabia utaona unywaji wa FDG "umepanda". Panya asipofungishwa kula, sukari yake ya damu inashindana na FDG. Akiwa na baridi yale mafuta ya kahawia katikati ya mabega yanawaka kuliko uvimbe wenyewe, unaweza kudhani kansa imesambaa. Kibofu ndo usiseme, uvimbe wa nyonga unafunikwa na mkojo. Na uvimbe wenye seli nyingi za kinga unakula glukosi vizuri tu, kwahiyo uhai unaouona unaweza kuwa wa askari, siyo wa adui.

#20 Daktari wa Zamu
Dakika 110 sawa, nimeipata. Hilo la askari tunalo hata sisi, tangu dawa za kinga zije kuna wagonjwa uvimbe unavimba kwanza ndo unapungua, ndo ikatoka iRECIST mwaka 2017, unasubiri uthibitishe kwa picha ya pili kabla ya kusema dawa imeshindwa. Mtoa mada unaweza kuwa na kitu cha aina hiyo, kalipa inapanda kwa uvimbe kujaa maji na seli za kinga.

#21 Kinga Kwanza
Tunazidi kuwa wengi upande wa kinga 😎

#22 Hofu ya Mionzi
Sasa kwanini mumpige MRI panya mwenye kansa tayari, mionzi si itaua uvimbe kabla ya dawa, matokeo yote yanaharibika

#23 Grei na Bekereli
MRI haina mionzi ya aina hiyo mkuu, ni sumaku na mawimbi ya redio. Hofu yako ipeleke kwenye CT ndogo, na huko ina msingi. Skani moja ya CT ya panya inaweza kuwa makumi hadi mamia ya miligrei (kipimo cha dozi ya mionzi, 1000 ni grei moja) kutegemea unataka uone kidogo kiasi gani, maana kila ukitaka pikseli ndogo na picha safi unalipa kwa dozi. Mara moja siyo kitu. Ukipiga mara mbili kwa wiki kwa mwezi mzima, kwa dozi za juu unaweza kufika kwenye grei kadhaa, na panya dozi ya mwili mzima inayoua nusu yao inaanzia kwenye grei 5 hivi na kuendelea. Hata kabla ya kufika huko chembe za damu za kinga zinashuka, na uvimbe wenyewe unaweza kupunguza mwendo. Kwahiyo kundi la kulinganishia lazima nalo lipigwe skani zilezile, siyo la dawa peke yake. Ila CT kwa mapafu hakuna mpinzani, hewa inafanya kivimbe kidogo kionekane chenyewe.

#24 Fundi Sumaku
Nimeona mtoa mada anauliza MRI. Nikueleze siku inavyokuwa ndo uamue.

Panya anaingia kwenye kisanduku, isofluraini asilimia 3 au 4 hadi alale, halafu anahamishiwa kwenye kitanda chake kidogo chenye pua ya gesi, unashusha hadi 1.5 au 2. Meno ya juu yanaingia kwenye kijiti cha kung'ata ili kichwa kisicheze. Mafuta machoni, maana akilala hafumbi na macho yanakauka. Chini ya tumbo kuna kimto kidogo cha hewa kinachosoma pumzi, na kipima joto kwenye mkundu, samahani kwa walio mezani. Kisha unamsukuma ndani na kuanzia hapo humuoni tena, unaona mstari wa pumzi kwenye skrini tu. Macho yako yako kwenye huo mstari kuliko kwenye picha. Pumzi zikianza kuwa za mbalimbali na za kina, anavuta kama anakwama, gesi ni nyingi, shusha sasa hivi usisubiri skani iishe. Zikianza kwenda mbio anataka kuamka. Mashine inachukua picha katikati ya pumzi na pumzi, kwahiyo pumzi zikiwa ovyo skani ya dakika 10 inageuka nusu saa.

Na hereni za chuma za masikio zitoeni!! Watu wanasahau. Hata zile chipu za chini ya ngozi zinatoboa shimo jeusi kwenye picha, kama ipo karibu na uvimbe umeula wa chuya.

Faida yake ni hii. Mashine za wanyama nyingi ni tesla (nguvu ya sumaku) 7 au 9.4, za watu ni 1.5 na 3. Uvimbe wa duara wa kipenyo milimita 3 una kama milimita za ujazo 14. Ukiupiga kwa boksi za milimita 1 kila upande unapata boksi 14, na karibu zote zimeshika mpaka, nusu uvimbe nusu nyama. Ukiupiga kwa 0.1 kwa 0.1 na unene wa 0.5 unapata boksi zaidi ya 2800. Hapo ndo unaweza kusema umekua au haujakua. Na ukiongeza picha ya mtawanyiko wa maji unaona hata kabla saizi haijabadilika, seli zikifa maji yanatembea kwa uhuru zaidi, namba inapanda. Ukiongeza gadoliniamu (dawa ya kung'arisha picha, inachomwa kwenye damu) unaona sehemu gani damu inafika. Yaani ule ugomvi wa Dada Fomalini na Mishipa Tu unaweza kuuona kwa macho.

#25 Mishipa Tu
Fundi umemaliza, gadoliniamu ndo hakimu

#26 Fundi Sumaku
Sijamaliza, maana gadoliniamu nayo inaingia kwa mishipa. Sehemu isiyowaka inaweza kuwa imekufa, inaweza kuwa hai na mishipa imebanwa. Na dawa za aina yako zinafanya mishipa isivuje, kwahiyo ung'aavu unapungua hata kama uvimbe haujaguswa. Kwenye kansa ya ubongo ya watu hilo jambo linajulikana sana, picha inapendeza ghafla na mgonjwa hajapona.

#27 Mzee wa Rula
Haya sasa. Mmezunguka na sumaku ya tesla 7 mmerudi palepale. Kalipa hoyee.

#28 Jeli na Probu
Mbona altrasaundi hamuitaji? Ile ya masafa ya juu, megahezi 30 hadi 50, inaona hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Unanyoa, unapaka jeli ya uvuguvugu (jeli ya baridi inampooza panya kama barafu), probu (kile kichwa cha mashine kinachogusa ngozi) inatembezwa na mota unapata ujazo wa pande tatu, siyo kudhania kina. Uwazi wa maji katikati unauona mweusi kabisa. Ukitaka damu una Doppler, ukitaka zaidi unachoma viputo vidogo kwenye mshipa wa mkia unaangalia vinavyojaa kwenye uvimbe. Mionzi hakuna. Ubaya ni kwamba mkono wa mtu unahusika, na mapafu au nyuma ya mfupa usiguse, haipiti. Kwa uvimbe wa ubavuni chini ya ngozi kama wako ningeanzia hapa kabla ya kupanga foleni ya MRI.

#29 Mzee wa Rula
Mkono wa mtu unahusika... nimenyamaza tu.

#30 Roho ya Panya
Naombeni na upande wa mnyama. Nusukaputi kila wiki, kunyolewa, kuchomwa, kufungishwa kula. Mnyama wa gramu 25 akiwa na uvimbe wa gramu 1 amebeba asilimia 4 ya mwili wake, kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni karibu kilo 3. Kuna siku inabidi mseme basi hata kama grafu haijapendeza.

#31 Dada Fomalini
Upo sahihi na kamati za maadili ya wanyama zinaweka mpaka, kipenyo hakiruhusiwi kuvuka kiasi fulani, uvimbe ukipasuka ngozi basi, uzito ukishuka sana basi. Lakini picha pia ndo zimeokoa panya wengi. Zamani ukitaka kujua uvimbe wa kongosho unakuaje unaua kundi wiki ya kwanza, kundi wiki ya pili, na kuendelea. Ukiwa na vipindi sita na panya nane kila kipindi, hao ni 48. Kwa picha ni walewale nane wanafuatiliwa, na kila mmoja analinganishwa na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita. Wazo la kubadilisha wanyama kwa njia nyingine, kupunguza idadi yao na kuboresha wanavyotunzwa kwenye utafiti lipo tangu 1959 na hapa kwenye kupunguza picha zimefanya kazi kweli. Kongosho au ubongo hata Mzee wa Rula hawezi kupeleka kalipa.

#32 Roho ya Panya
Kupunguza idadi sawa, ila wale nane kila mmoja anateseka mara sita. Hilo hamlihesabu.

#33 Dada Fomalini
Tunalihesabu, na wala si rahisi. Kama picha haibadilishi uamuzi wowote wa wiki hiyo mi huwa nasema isipigwe.

#34 Mtoto wa Kodi
Samahani nimechelewa. Kuchora mipaka ya uvimbe kwenye MRI kwa mkono mnafanya mpaka leo? Kuna mitandao ya neva ya aina ya U-Net tangu 2015, unaifundisha inachora yenyewe, ugomvi wa mkono unaisha.

#35 Pikseli Moja
Unaisha kwa mashine uliyoifundishia. Badilisha koili (antena ya MRI), badilisha unene wa kipande, au leta uvimbe wenye uwazi katikati wakati ulifundisha kwa vimbe vilivyojaa, inaanza kuchora vitu vya ajabu kwa kujiamini sana. Na hata hapo uwazi uhesabiwe ni uvimbe au utolewe? Hilo ni la mtu kuamua, kompyuta inafuata ulichochora. Hapo ndo kesi yote ya mtoa mada ilipo kama unaona.

#36 Mtoto wa Kodi
Ndo maana nasema chora vyote viwili, ujazo wote na ujazo ulio hai, toa grafu mbili.

#37 Kizimba Saba
Msimamizi anataka moja 😭

#38 Mpita Njia
Mbadilishe msimamizi, panya wapo sawa

#39 Kizimba Saba
Nimerudi wakuu. Nimefanya mfululizo wa picha alivyosema Mishipa Tu, wote nimewanyoa siku moja alivyosema Pikseli Moja, na panya waliofikia mpaka wa kamati nimempa mtu wa kukata.

Kilele kwa kundi la dawa kimechelewa kweli, na kilipofika kimepanda kuliko ile picha yangu ya dakika ya 10, lakini hakijafikia kilipokuwa mwanzo. Kwenye kukata, baadhi wana katikati iliyokufa alivyosema Dada Fomalini, wengine wamejaa nyama hai hadi katikati na bado mwanga wao ulikuwa hafifu. Seli za sahani bado zinaota.

#40 Mishipa Tu
Kilele kimechelewa. Nimesema.

#41 Dada Fomalini
Na hakijafika. Na katikati imekufa. Nimesema pia.

#42 Kinga Kwanza
Wenye nyama hai na hawawaki mnawaelezaje nyie wawili? Mishipa peke yake haitoshi hapo.

#43 Mishipa Tu
Hai siyo lazima awe na hewa. Seli inaweza kukaa na oksijeni kidogo sana, haifi wala haiwaki vizuri. Paka rangi ya pimonidazoli uone sehemu zilizokosa hewa, ila lazima uwachome kabla ya kuwaondoa, kwa waliokwisha kukatwa umechelewa.

#44 Mchoma Sindano
Na mimi bado sijatoka kwenye sindano. Kwenye mfululizo, kuna panya ambaye mwanga haukupanda kabisa ukabaki chini bapa? Huyo siyo wa mishipa huyo, huyo ni wa utumbo.

#45 Kizimba Saba
Wapo wawili wa hivyo, mmoja wa kundi la kulinganishia.

#46 Mchoma Sindano
Warudie kesho kabla hujawaingiza kwenye hesabu.

#47 Jeli na Probu
Kabla ya hayo yote mpe altrasaundi ya viputo hao waliobaki, siku ileile ya picha ya mwanga. Viputo vikijaa vizuri kwenye uvimbe usiowaka, Mishipa Tu atafute hoja nyingine. Visipojaa, Kinga Kwanza asubiri.

#48 Kinga Kwanza
Nasubiri seli za sahani. Zikiota zote zinawaka nakuja kunyamaza hapa hapa, nusu zikiwa giza mtaniambia. Na mtoa mada hizo slaidi zilizokatwa mwambie apake rangi ya CD8 (T seli zinazoua) tuone nani yumo ndani.

#49 Mzee wa Rula
Wakati mnasubiri, ule uvimbe uliotolewa mliupima kwenye mizani? Gramu ngapi, na kalipa ya siku ile ilisema ngapi?

#50 Kizimba Saba
Nimepima mzee. Kalipa ilizidi kwa wote. Kwa wale wenye uwazi katikati ilizidi sana, kwa waliojaa ilizidi kidogo. MRI nimepata zamu wiki ijayo kwa waliobaki, hereni nimeshazitoa.